Kadi ya Grafiki Inapochemka

Kadi ya grafiki inayozidiwa na joto mara nyingi hutoa taarifa mapema. Gemu linaanza vizuri, picha zinateleza, kisha baada ya robo saa mwendo unakuwa wa kukwamakwama. Video ya harusi iliyokuwa ikitoka kwa nusu saa sasa inakaribia saa nzima. Feni zinanguruma mpaka aliye chumba cha pili anauliza kuna nini. Halafu siku moja skrini inakuwa nyeusi huku muziki ukiendelea kusikika, au mashine nzima inajizima katikati ya kazi ya mteja.

Hapo wengi hukimbilia mambo mawili: kufungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani, au kuipeleka mashine kwa fundi na kumwambia abadilishe pesti ya kupitishia joto. Yote mawili yana mahali pake. Tatizo ni kwamba kadi huchemka kwa sababu nyingi zisizofanana, na kila sababu ina tiba yake. Ukibadilisha pesti kwenye kadi ambayo shida yake ni kasha lisilopitisha hewa, umejipa kazi bure na pengine umeharibu kitu kilichokuwa kizima. Kwa hiyo naomba jambo moja kabla ya mengine yote: usishike bisibisi kabla hujapata namba. Kadi za miaka ya karibuni zina vihisi vya joto ndani yake, na ukizisoma namba zake kwa utulivu, zitakuonyesha pa kuanzia.

Namba kabla ya bisibisi

Pakua GPU-Z, programu ya bure ya TechPowerUp, kisha ufungue ukurasa wake ulioandikwa Sensors. HWiNFO nayo inafaa, na inaonyesha mengi zaidi. Ukiwa kwenye Linux na kadi yako ni ya NVIDIA, andika nvidia-smi kwenye dirisha la amri, utapata joto, kasi ya feni na wati zinazotumika.

Unatafuta namba nne. Ya kwanza ni joto la chipu, lililoandikwa GPU Temperature. Ya pili ni Hot Spot, yaani mahali penye joto kali kuliko pote kwenye chipu hiyohiyo. Ya tatu ni joto la memori, ingawa si kila kadi huionyesha. Ya nne ni kasi ya feni, kwa mizunguko kwa dakika. Kadi za NVIDIA za RTX 50, zilizoanza kutoka mwaka 2025, haziionyeshi tena ile ya pili, kwa hiyo mwenye kadi hiyo atafanya kazi na zilizobaki.

Kuna na ya tano, ambayo programu haiijui: joto la chumba. Weka kipimajoto karibu na sehemu ambako kompyuta inavuta hewa, si dirishani. Namba hii ndiyo watu wanaidharau kuliko zote, na kwetu ndiyo inayofumbua mengi. Wanaoandika tathmini za kadi huko Ulaya na Marekani huzipima kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Kadi iliyofika nyuzi 72 kwenye chumba cha nyuzi 21, ikija Dar es Salaam mwezi wa Februari na kuwekwa kwenye chumba cha nyuzi 33, itafika 84 au karibu na hapo, kwa sababu kila nyuzi moja ya chumba huongeza takriban nyuzi moja kwenye chipu. Kadi hiyo haina ugonjwa wowote. Ndiyo maana ukishapima, toa joto la chumba kwenye joto la chipu. Kwa kadi yenye feni mbili au tatu iliyo safi, ikiwa kazini kikamilifu, tofauti hiyo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 40 na 50. Ikivuka 60 huku feni zikienda kwa nguvu zote, kuna jambo.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Ipe kadi kazi inayokusumbua, iwe ni gemu lenyewe au kutoa video kwenye DaVinci Resolve, uiache kwa dakika 20. Joto hupanda haraka mwanzoni kisha hutulia, na namba unayoitaka ni ya baada ya kutulia. Weka alama kwenye kisanduku cha Log to file ndani ya GPU-Z, ili hata mashine ikijizima rekodi ibaki kwenye diski. Wengine hupenda FurMark. Programu hiyo huibana kadi kuliko gemu la kawaida, na sioni busara ya kuitumia kwenye kadi ambayo tayari inalalamika. Programu ya Unigine Heaven inatosha.

Sasa, moto ni kiasi gani? Kwa upande wa NVIDIA, kikomo kilichoandikwa kwa GTX 1060 ni nyuzi 94, kwa RTX 3060 na RTX 3080 ni 93, na kwa RTX 4090 ni 90. Lakini kadi haingoji kufika huko. Nyingi zao zimepangwa kuanza kujizuia zikikaribia 83: zinapunguza mwendo na volteji ili joto lisizidi. Kwa AMD hesabu ni nyingine. Tangu RX 5700 XT ya mwaka 2019, AMD huiongoza kadi kwa kufuata mahali penye joto kali zaidi, na imesema wazi kwamba kufika 110 hapo ni ndani ya mipaka. Kwa hiyo mwenye Radeon akiona 95 kwenye Hot Spot hana sababu ya kukosa usingizi, wakati mwenye GeForce ya NVIDIA akiona 90 kwenye chipu ana kazi ya kufanya. Memori za aina ya GDDR6X, kama zilizo kwenye RTX 3080 na 3090, hupunguza mwendo zikifika 110.

Ukiwa na kadi ya NVIDIA, angalia pia mstari wa PerfCap Reason kwenye GPU-Z. Ukisomeka Thrm, joto ndilo linaloirudisha nyuma kadi yako. Ukisomeka Pwr, kadi imefika kikomo chake cha umeme, na hilo ni jambo la kawaida kwa kadi iliyo kazini.

Jinsi ya kuzisoma

Feni ikisoma sifuri wakati chipu imefika 75, feni imekufa, waya wake umechomoka, au kuna programu imeisimamisha. Usichanganye hali hiyo na feni kusimama kompyuta inapokuwa imetulia: kadi nyingi za leo husimamisha feni kwa makusudi mpaka joto lifike nyuzi 50 au 60, ili kuwe na ukimya na vumbi lipungue. Wapo waliotupa kadi nzima kwa kuona feni hazizunguki kwenye ukurasa wa mwanzo wa Windows.

Chipu na Hot Spot zikiwa juu zote mbili, lakini zinafuatana kwa tofauti ndogo ya nyuzi 10 hadi 15, na feni zinakimbia, basi pesti inafanya kazi yake. Joto linatoka kwenye chipu vizuri na kufika kwenye hitisinki, yaani kipozeo cha chuma chenye mapezi, ila hewa hailiondoi. Shida ni vumbi, kasha au chumba.

Tofauti kati ya chipu na Hot Spot ikizidi nyuzi 25 au 30, shida imehamia kwenye mgusano. Pesti imekauka au imesukumwa pembeni na joto linalopanda na kushuka kila siku, au skrubu zinazobana hitisinki zimelegea. Hapo ndipo pesti mpya ina maana.

Memori peke yake ikiwa juu huku chipu ikiwa na joto la wastani, tazama pedi laini zinazokaa kati ya memori na hitisinki.

Kama joto lote ni la kawaida lakini mashine bado inajizima, acha kuilaumu kadi kwa joto. Tazama pawasaplai. Kadi ya wati 320 kama RTX 3080 huvuta umeme kwa mishtuko ya muda mfupi inayopita sana kiwango hicho, na pawasaplai dhaifu, au ile ambayo maandishi ya wati kwenye kibandiko chake hayana ukweli, hujikata papo hapo. Dalili yake ni kuzima ghafla bila onyo, mara nyingi ndani ya dakika moja ya kuanza gemu, kabla joto halijapata hata nafasi ya kupanda.

Na kuna hali ambayo mtu haitarajii: kadi kuwa ya moto wakati hufanyi lolote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, panga orodha kwa matumizi ya GPU, uone nani anakula. Mara nyingine ni picha ya mandhari ya skrini inayocheza. Mara nyingine ni programu iliyoingia pamoja na gemu la kupakua bure, nayo inachimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Hiyo huifuti kwa brashi. Safisha mashine kwa antivairasi inayoaminika, na ikirudi, sakinisha Windows upya.

Hewa kwanza

Jaribio la haraka kuliko yote: fungua ubavu wa kasha, rudia kazi ileile, usome tena. Joto likishuka nyuzi mbili tatu, kasha halina lawama. Likishuka nyuzi 8 au zaidi, kadi yako inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na yenyewe. Ukilifunga tena kasha bila kubadilisha kitu, hali itarudi. Ukiliacha wazi moja kwa moja, vumbi litaingia kwa kasi zaidi, na mjusi pia.

Kompyuta nyingi za maofisini zinakaa mahali pabaya. Utakuta mashine imesukumwa ndani ya kabati la meza, mlango umefungwa kwa kuogopa wizi, mgongo wake umegusa ubao. Kadi ya wati 170 kama RTX 3060 ikiwa kazini humwaga wati 170 za joto ndani ya kabati hilo, na prosesa inaongeza zake. Itoe nje. Acha nafasi ya kiganja kimoja au viwili nyuma na mbele. Usiiweke sakafuni kwenye chumba chenye vumbi kama unaweza kuipandisha kwenye kistuli.

Ndani ya kasha, hewa iingie mbele au chini, itoke nyuma na juu. Feni moja ya kusukuma nje nyuma na mbili za kuingiza mbele zinatosha kwa mashine nyingi. Kabla ya kununua feni, angalia zilizopo zinaelekea wapi. Upande wenye vishikizo vya plastiki vinavyovuka katikati ndio kwa kawaida hewa inakotokea. Nimeona makasha yenye feni zote zikitoa nje, na mengine feni ya mbele na ya nyuma zikisukumana. Makasha yenye kioo kizima mbele yanapendeza dukani, lakini kwa joto la pwani ni mzigo. Ukipata la wavu, chukua la wavu.

Vumbi lenyewe

Hapa ndipo kadi nyingi zinapopona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zima mashine, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Chomoa waya za umeme za kadi kwa kubana kilimi cha plagi, si kwa kuvuta waya. Fungua skrubu zinazoishikilia nyuma ya kasha, kisha sukuma kibanio kidogo kilicho mwisho wa soketi kwenye madabodi. Kibanio hicho hakionekani vizuri chini ya kadi kubwa, na wanaovuta bila kukifungua hukivunja, wakati mwingine pamoja na soketi. Tumia tochi ya simu, ukisukume kwa kijiti cha plastiki au cha mbao, si kwa bisibisi ya chuma inayoweza kuteleza ikakwangua madabodi.

Ukiishika kadi mkononi, usidanganyike na feni. Mabawa ya feni yanaweza kuwa masafi kabisa kwa sababu mtu aliyapangusa mwezi uliopita. Vumbi lenye madhara linakaa chini yake, kati ya feni na mapezi ya hitisinki, mahali ambapo macho hayafiki. Elekeza tochi kwa pembeni katikati ya mapezi. Kama huoni mwanga upande wa pili, umempata adui. Kwenye kadi nyingi unaweza kulegeza skrubu chache za kava la plastiki, ukalinyanyua pamoja na feni zake bila kugusa hitisinki wala kuvunja mgusano wa pesti. Likinyanyuka utaona tabaka la kijivu limejilaza juu ya mapezi kama zulia, na mara nyingi linatoka kipande kizima ukilishika kwa vidole. Chini yake mapezi yanang'aa. Kazi hiyo peke yake yaweza kushusha joto kwa nyuzi kumi na zaidi.

Angalia nyaya nyembamba za feni unaponyanyua kava. Ni fupi, na soketi zake ndogo zimebandikwa kwenye ubao kwa risasi kidogo tu. Bana plagi kwa kibano cha nyusi, uitoe taratibu. Piga picha kwanza ujue upi ulikaa wapi.

Kwa mapezi tumia brashi laini ya rangi, ya inchi moja, ambayo haijawahi kutumika, pamoja na blowa ya umeme. Unapopuliza, shika feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu blowa huizungusha kwa kasi ambayo haikutengenezewa na kuharibu beringi zake. Usiipeleke kadi kwenye kompresa ya gereji. Hewa ile ina matone ya maji na mafuta, na nguvu yake huvunja mabawa. Fanya kazi nje ya nyumba, na funika pua.

Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam zina shida yao. Hewa ya bahari ni nyevu na ina chumvi, hivyo vumbi halikai kavu; linashikamana na mapezi, na pale panapopikwa karibu linachanganyika na mvuke wa mafuta. Brashi kavu haitalitoa. Chovya brashi kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, usugue, uache ikauke kabisa. Ukiona unga mweupe kwenye alumini, ni kutu ya alumini. Sugua utoke, na jua kwamba mashine hiyo inahitaji kusafishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, si mara moja kwa mwaka.

Wakati kava liko nje, zungusha kila feni kwa kidole. Inatakiwa iende kwa wepesi na isimame yenyewe polepole. Ikikwaruza au ikisimama mara moja, beringi zimechoka. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko cha katikati linaweza kuiamsha kwa wiki au miezi, lakini hesabu kwamba unahitaji feni mpya. Namba ya kuagizia imeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya mota. Linganisha na kipenyo, nafasi za skrubu na idadi ya nyaya. Kama feni ya aina hiyo haipatikani, mafundi wana njia inayofanya kazi vizuri sana: wanatoa kava lote na kufunga feni mbili za kasha za milimita 120 moja kwa moja chini ya hitisinki, kwa vibanio vya plastiki, wakizichomeka kwenye madabodi. Sura yake si nzuri, ila mara nyingi hupoza kuliko feni za kiwandani na kwa kelele ndogo. Kumbuka tu kwamba madabodi haifuati joto la kadi, hivyo zipe kasi ya kudumu au tumia programu ya bure ya FanControl izifungamanishe na joto la kadi.

Kupunguza joto linakozaliwa

Njia hii haihitaji bisibisi wala fedha, na nashangaa jinsi wachache wanavyoijua. Viwanda hupanga kadi zitoke na volteji ya juu kuliko zinavyohitaji, ili hata chipu dhaifu kuliko zote ifanye kazi bila kuanguka. Chipu yako huenda si ile dhaifu. Na wati zinazoliwa na chipu hufuata mraba wa volteji: ukipunguza volteji kwa asilimia 10 bila kugusa mwendo, sehemu kubwa ya umeme unaogeuka joto inapungua kwa karibu asilimia 19.

Anza na kilicho rahisi. Fungua MSI Afterburner, inayofanya kazi hata kama kadi yako haikutengenezwa na MSI, uteremshe mstari wa Power Limit kutoka 100 hadi 80. Kadi ya wati 320 sasa haitapita wati 256. Kwenye gemu, mwendo hupungua kwa asilimia chache ambazo jicho halizioni, na joto hushuka kwa nyuzi kadhaa. Mwenye Radeon atayapata haya ndani ya programu ya AMD yenyewe, Adrenalin, kwenye ukurasa wa Performance, sehemu ya Tuning, japo kadi nyingi za AMD huruhusu kushuka kidogo tu.

Ukitaka kwenda mbele, bonyeza Ctrl na F ndani ya Afterburner ili uone mchoro wa volteji na mwendo. Tafuta mwendo ambao kadi yako huwa nao kazini, kisha inua nukta ya volteji ya chini zaidi, tuseme volti 0.9, ifikie mwendo huo, na ulaze nukta zote zinazofuata kwenye mstari ulionyooka. Jaribu kwa saa nzima ya kazi halisi. Gemu likijifunga, ongeza volteji kidogo. Kosa hapa haliunguzi kitu, kwa kuwa unapunguza, huongezi. Kibaya kitakachotokea ni programu kujifunga au mashine kujiwasha upya, kwa hiyo hifadhi kazi zako kwanza.

Jambo la tatu ni kuweka kikomo cha fremu. Kadi isiyo na kikomo huchora picha nyingi kadiri iwezavyo, hata kama skrini yako inaonyesha 60 tu kwa sekunde. Mwaka 2010, gemu la StarCraft II lilipotoka, wachezaji walilalamika kwamba kadi zao zinachemka kwenye ukurasa wa menyu, mahali ambapo hakuna vita wala chochote. Blizzard, kampuni iliyolitengeneza, ilikiri kwamba menyu haikuwa na kikomo, na ikawaelekeza watu waongeze mistari miwili kwenye faili la mipangilio, fremu 60 ndani ya gemu na 30 kwenye menyu. Leo kikomo hicho unakiweka kwenye paneli ya NVIDIA, kwenye Adrenalin au ndani ya gemu. Kwa mtu mwenye skrini ya 60, ni dakika moja ya kazi na joto linashuka siku hiyohiyo.

Na fikiria Luku. Kadi iliyoshushwa kutoka wati 300 hadi 220, ikifanya kazi saa sita kwa siku, inaokoa uniti 14 hivi kwa siku 30. Kwenye ofisi yenye mashine nne za kuhariri video, hizo si senti.

Pesti na pedi

Fika hapa tu kama namba zimekuelekeza hapa. Na kama kadi bado ina waranti, rudi dukani. Kibandiko kilicho juu ya skrubu moja ya nyuma kikichanika, muuzaji atapata sababu ya kukukataa.

Iwashe kadi kwa dakika chache kabla, ili pesti ilainike, kisha zima na chomoa. Fungua skrubu nne zinazozunguka chipu kwa mpangilio wa msalaba, kila moja nusu mzunguko kwa zamu, halafu zilizobaki. Hitisinki isipoachia, usiivute kwenda juu. Izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Ukiachanisha, piga picha pedi zote kabla ya kuzigusa.

Chipu ya kadi ya grafiki haina kofia ya chuma kama ya prosesa. Ni silikoni tupu, ngumu lakini yenye kingo zinazovunjika, na kona ikimeguka kadi imekwisha. Ifute kwa alkoholi na kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa mkono mwepesi. Kwa kuwa ni tupu, pesti lazima ifunike uso wake wote. Tone la katikati linalotosha kwa prosesa linaweza kuacha kona kavu hapa, na kona kavu ndiyo Hot Spot. Tandaza tabaka jembamba mpaka pembeni. Kuhusu aina, Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zinatosha. Achana na pesti nyeupe ya vipakiti isiyo na jina. Ukiipata Honeywell PTM7950, chukua hiyo: ni karatasi inayolainika karibu na nyuzi 45, na haisukumwi pembeni kwa urahisi kama pesti ya kawaida.

Pedi zinahitaji uangalifu kuliko pesti. Kila sehemu ya kadi ina unene wake, milimita moja hapa, mbili pale. Ukiweka nene kuliko inavyotakiwa, hitisinki inanyanyuka juu ya chipu na joto linapanda kuliko ulivyoanza. Tafuta vipimo vya kadi yako hasa, au pima pedi za zamani kwenye sehemu ambazo hazikubanwa. Kama za zamani bado ni laini na nzima, na memori haikuwa na tatizo, ziache zilivyo. Mafuta kidogo yanayotoka kwenye pedi za silikoni hayana madhara, yafute.

Mara chache hata haya yote hayasaidii, kwa sababu kasoro imetoka kiwandani. Januari 2023 AMD ilikiri kwamba baadhi ya kadi zake za RX 7900 XTX za muundo wa AMD wenyewe zilikuwa na kipozeo chenye maji pungufu ndani yake, na zilikuwa zikifika 110 na kujizuia. Kadi ya namna hiyo ilikuwa ya moto ikilala na kupoa ikisimamishwa wima. Ukipata kadi ambayo joto lake linabadilika sana kwa kuigeuza tu, usipoteze pesti juu yake, idai irudishwe.

Usiioke kadi kwenye oveni kwa kufuata video za mtandaoni. Ikifufuka, hufufuka kwa wiki chache, na mabaki ya plastiki uliyopasha yamebaki kwenye oveni ya chakula. Usipulizie WD-40 kwenye feni wala mahali popote kwenye kadi. Ukinusa plastiki inayoungua, zima ukutani na uanzie kwenye plagi ya umeme ya kadi: itazame kama imeyeyuka au haikuingia mpaka mwisho, jambo lililounguza plagi za baadhi ya RTX 4090 mwishoni mwa mwaka 2022. Na ukiona mistari ya rangi au miraba inayomeremeta hata kadi ikiwa baridi, memori au chipu imeshaumia; usafi na pesti havitairudisha.

Ukinunua iliyotumika

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zikaingia sokoni kama mitumba. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Chipu yake huenda iko salama kabisa, kwa sababu wachimbaji wengi walipunguza umeme. Kilichochoka ni feni, pedi za memori na pesti, yaani vitu vitatu ambavyo umeshajua kuvikagua.

Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, na uende na GPU-Z kwenye flashi. Dakika 15 za Heaven zinatosha. Tazama tofauti ya chipu na Hot Spot, tazama joto la memori, sikiliza feni zikiwa kwenye asilimia 100. Angalia nyuma ya ubao kama kuna madoa ya kahawia karibu na njia za umeme, na kama vichwa vya skrubu vimekwanguliwa na bisibisi ya mtu asiyejua. Joto kubwa lenye tofauti ndogo si sababu ya kuiacha. Ni sababu ya kupunguziwa bei, ukaenda kuisafisha. Miraba ya rangi kwenye skrini ni sababu ya kuondoka, hata kama bei imeshuka nusu.

Mwenye laptopu afuate mpangilio huuhuu wa kupima, ila aanze kwa kuinua nyuma yake vidole viwili kutoka mezani na kuitoa kitandani. Kufungua hitisinki ya laptopu, ambayo mara nyingi inagusa prosesa na kadi kwa pamoja, mwachie fundi aliyewahi kufungua modeli hiyohiyo, na umpe namba zako zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi ili baada ya kazi mpime tena kwenye kazi ileile na chumba kilekile kabla hujamlipa.